MTHAMINI ALIYETAJA BEI MBILI

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kujeruhi vibaya
Jina: Anafahamika kazini kama Dada Springi
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 46
Kazi: Fundi wa makochi
Makazi: Nyumba ya geti la kijani, nyuma ya soko
Yamechukuliwa: Kituo cha polisi, tarehe 15, kuanzia saa tatu asubuhi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa. Nitasema kweli, ila afande asinikatize kila mara, maana tangu jana sijalala na hasira zangu ziko karibu.

Mimi ni fundi katika karakana ya marehemu baba yangu. Watu walimwita Springi kwa sababu kochi lake lilikuwa halibonyei hata likaliwe na ukoo mzima. Naiendesha pamoja na mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, mimi wa kwanza yeye kitindamimba. Baba alituachia mashine za kushonea, wateja, na jina la tovuti, yaani lile jina ambalo mtu akiliandika kwenye simu anaona picha za kazi zetu. Jina lenyewe ni "makochi ya Springi", limeunganishwa likawa neno moja. Mdogo wangu ni fundi hodari kunishinda, sifichi. Lakini ni mwepesi wa kupiga. Mwaka jana alimpasua mdomo muuza sponji kwa kumletea sponji iliyoungwaungwa vipande, na mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi.

Mwezi uliopita alikuja kazini anacheka peke yake na simu yake. Mtu wa ng'ambo alikuwa amemwandikia kwamba anataka kulinunua lile jina, kwa hela ya kujenga nyumba na kuiezeka. Sharti lake moja tu: kwanza tupeleke cheti cha thamani kutoka kwa mthamini anayemtambua yeye, na mthamini huyo alipwe kabla. Nilimwambia, "Mdogo wangu, mnunuzi akija na mizani yake mwenyewe, ujue na mawe ni yake." Akasema, "Dada, wewe unataka tufe tunapigilia misumari." Tukakubaliana kwamba hatumlipi mtu yeyote mpaka tupate mthamini wetu wenyewe, wa kuaminika.

Kumpata ilikuwa shughuli. Wa kwanza alitutajia bei kubwa kabla hatujamaliza kulitaja jina. Wa pili alitaka fungu kwenye mauzo, na mtu anayekula kwenye mauzo hawezi kukuambia usiuze. Ndipo mwenye duka la kompyuta akatuelekeza kwa huyu aliyepigwa, ambaye wanamwita Mizani. Ni mtu wa makamo, mwembamba, amepanga chumba juu ya duka la dawa. Malipo yake ni yale yale jina liwe na thamani au lisiwe nayo, na yeye hanunui wala hauzi. Alituuliza wateja wetu wanatupataje, akatafuta majina yanayofanana na letu yaliuzwaje, akatuacha tunywe chai yake huku anafanya kazi.

Kisha akatuambia taratibu kwamba kwa mtu wa mbali jina letu halizidi bei ya kitambaa cha kochi moja. Akaongeza, "Na huyo mnunuzi wenu na mthamini wake, nadhani ni mtu mmoja. Mkishalipa cheti hamtamwona tena." Mdogo wangu aliipiga meza ngumi, kioo chake kikapasuka. Akamkaba Mizani kwa kola mpaka macho yakamtoka. "Unalishusha ulinunue wewe!" Nilimvuta kwa mkanda wa suruali. Mizani alikohoa, akajirekebisha shati, akasema, "Kijana, mimi si adui yako." Tulishuka ngazi huku mkono wa mdogo wangu unatona damu.

Hapa ndipo nilipoingiza akili yangu, na heri ningeiacha nyumbani. Sisi mafundi wa makochi tuna namna yetu ya kumpima mtu anayekadiria kochi kuukuu. Unamtuma mmoja aseme analiuza, halafu siku nyingine unamtuma mwingine aseme anataka kulinunua kochi lile lile. Bei ikiwa moja, huyo mkweli. Zikiwa mbili, huyo mwizi, na soko zima litamkimbia. Basi nikamtuma wifi yangu, dada wa mume wangu, aende kwa Mizani ajifanye fundi wa makochi wa hapa hapa mjini anayetaka kulinunua jina letu. Wifi akarudi na bei mara kumi ya ile tuliyotajiwa sisi.

Mdogo wangu alisikia. Sikumficha. Siku mbili alifanya kazi bila kunisemesha, na alichokipigilia alikipigilia mpaka mbao zikapasuka. Mimi nilimpigia Mizani simu nikamwomba aje karakanani anieleze. Alikubali palepale. Mwizi asingekubali, lakini hilo nimeliona leo.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Alhamisi, yapata saa nne asubuhi, Mizani aliingia karakanani. Mdogo wangu alikuwa amepiga goti anapigilia mikanda kwenye fremu, misumari midogo ameibana midomoni kama tunavyofanya sote. Mizani alinisalimia mimi, kisha akamsalimia na yeye. Nikamwuliza, "Kaka, mbona kwetu ulitaja bei moja na kwa mwingine bei nyingine?" Akajibu, "Kwa sababu yule alikuwa..." Hakufika mbali. Mdogo wangu alitema misumari akainuka na nyundo.

Pigo la kwanza lilimpata tayani. Nilisikia mfupa. Mizani akaangukia fremu, springi zikamtupa sakafuni. La pili alilikinga kwa mkono, vidole vikapinda kuelekea kusikopinda vidole. La tatu lilikuwa kichwani, juu ya sikio, na mwili wake ukaanza kutetemeka. Mdogo wangu alikuwa analia huku anapiga. Alikuwa anasema, "Nyumba ya wanangu! Nyumba ya wanangu!" Nilishika mguu wa kochi, wa mti mgumu, nikampiga mdogo wangu begani kwa nguvu zangu zote. Nikampiga tena kwenye kifundo cha mkono mpaka nyundo ikadondoka. Afande ananiambia hilo si lazima kuliandika. Liandikwe.

Aligeuka akanitazama, nikajua sasa ni zamu yangu. Nikamwambia, "Nipige na mimi basi, umalize wote wanaokutakia mema." Akatoka mbio na kiatu kimoja.

Nilimfunga Mizani kichwa kwa mahameli ya mteja. Alikuwa anajaribu kusema, meno yanamtoka pamoja na damu. Nilimwambia anyamaze, hakunyamaza. Nilichosikia ni, "Muulize... nilimwambia..." Jirani yetu mchomelea vyuma alileta gari lake, tukamlaza juu ya sponji tukampeleka hospitali.

Wifi alinikuta hospitali. Nikamwambia anirudishie maneno ya Mizani yote, sio bei peke yake. Akasema Mizani alimwambia hivi: "Kwa mtu wa mbali jina hili si kitu. Kwako wewe fundi wa hapa lina thamani kubwa, maana wateja wao watakuja kwako wakidhani wewe ndiye Springi. Kama unalitaka, nenda ukawalipe wenyewe haki yao kamili, usiwapunje." Nilimwuliza, mbona hukuniambia? Akajibu, "Wifi, mimi ulinituma bei." Na ni kweli, kwenye makochi hatuulizi zaidi ya hapo. Mtu yule alikuwa anatutetea mbele ya mshindani wetu, sisi hatupo, na sisi tukamvunja taya. Nilikaa chini kwenye korido nikalia kwa sauti bila kujali nani ananitazama.

Jioni ile mke wa mdogo wangu alinifuata. Akaniambia kwamba asubuhi kabla ya kuja kazini mume wake alikuwa ameshamlipa kwa siri yule mthamini wa ng'ambo. Mchana, simu ya mthamini na ya mnunuzi zilizimika pamoja. Kisha akanishika mikono akasema, "Dada, sema waliingia vibaka. Watoto wangu wadogo." Mama yangu mzazi naye alinipigia leo alfajiri. Akasema, "Mwanangu, damu ni nzito kuliko maji."

Damu naijua uzito wake. Jana nimeideki mimi, kwa magunzi na tambara, na imekataa kutoka kwenye saruji. Haikuwa ya ndugu yangu.

Hakuna kibaka aliyeingia. Aliyempiga Mizani ni mdogo wangu, ambaye nilimlea mgongoni mama akiwa sokoni, na nampenda mpaka sasa hivi ninapolitamka hili. Aliyemwita Mizani pale ni mimi. Naomba Mizani apone ili nimwambie kwamba bei zake zote mbili zilikuwa sahihi.

Nimeyaona haya kwa macho yangu na nimeyasema bila kushurutishwa. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyachukua maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi. Alipomaliza kutia sahihi, na kabla hajainuka kitini, hospitali ilipiga simu kunijulisha kwamba majeruhi amefariki dunia. Nilimweleza shahidi. Aliomba tena kalamu, akarudi ukurasa wa kwanza na kuyakata kwa mkono wake maneno "kujeruhi vibaya". Sikumzuia. Alinirudishia kalamu, na neno la kuweka mahali pake nimeliandika mimi.