Siku Niliyomtetea Nahodha

Jumapili, Julai 1996. Suna, Migori.

Mvua imeanza tukiwa kanisani na bado haijachoka. Nilirudi kutoka Homa Bay jana jioni na mpaka sasa sijafungua begi. Sina nguvu.

Acha niandike yote, maana sina wa kumwambia.

Kila Jumamosi mchana mwalimu mwenzangu Chacha huleta deki yake ya video kwangu, marafiki wengine wawili watatu wanakuja, na tunaangalia filamu za safari za angani. Zikiisha, tunabishana. Swali ni lilelile: yule adui ni mbaya kweli, au yeye ndiye shujaa? Mimi huwatetea wabaya. Napenda kushinda.

Ndugu yangu mdogo, Otieno, alikuwa akiishi nami tangu Mei. Alitoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Masara akiwa amekonda, anakohoa, na hospitali ikasema ni kifua kikuu. Kila asubuhi alikwenda kudungwa sindano. Jumamosi alikaa nasi, kwenye kiti cha karibu na mlango, akicheka tulipocheka.

Wiki mbili zilizopita tuliona filamu ya chombo kilichobeba watu wanaotafuta dunia mpya. Ugonjwa unazuka ndani. Nahodha anawafungia wagonjwa katika chumba cha nyuma, kisha anakikata chumba hicho kipotelee gizani. Chacha alisema huyo ni muuaji, hakuna cha kujadili. Mimi nilisimama kabisa, kama niko darasani. Nikasema nahodha ndiye shujaa, kwa sababu wale wengine walifika salama. Halafu nikaongeza kwamba mgonjwa anayewapenda wenzake angetoka mwenyewe, asingoje kufukuzwa.

Walinipigia makofi. Hata Chacha alikubali kwamba nimemweza.

Sikumtazama Otieno hata mara moja.

Jumatatu nilitoka shule nikakuta kitanda chake kimetandikwa na begi lake halipo. Nilijiambia amechoka na mji, amekwenda kumwona mama. Uongo. Nilijua saa ileile. Tena kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: tangu wiki yake ya kwanza hapa nilikuwa naosha kikombe chake peke yake, nikidhani haoni.

Nilikaa siku kumi na moja kabla ya kumfuata.

Juzi, Ijumaa, nilifika nyumbani kwetu, nje kidogo ya Homa Bay. Mama aliniambia Otieno amehamia jiko la zamani, hataki kula naye, chakula anataka kiachwe nje. Hajadungwa sindano tangu aondoke kwangu. Mama hajui kwa nini. Aliniuliza mimi.

Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti. Aliinua mkono nisisogee, nikasimama palepale uani. Nikamweleza kwamba yale yalikuwa maneno tu, mashindano ya filamu, kwamba kama Chacha angemtetea nahodha mimi ningempinga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, hukukosea," akasema. "Nahodha alikuwa sawa. Mimi nimetoka mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ningejua la kufanya.

Nilimsihi twende hospitali ya mjini. Alikataa, akasema huko kuna watu wengi, atawaambukiza. Jana asubuhi nilimwita mlangoni hakuitika, ingawa nilimsikia akikohoa. Nikamuaga mama, nikaondoka. Nimemwacha mara ya pili, na safari hii hata filamu haikuwepo.

Kukipambazuka nitamwomba mwalimu mkuu ruhusa, nirudi nikamchukue nimpeleke hospitali, akubali akatae. Mama atanisaidia. Hilo nimeshaamua.

Ila nikifika, nitamwambia nini? Nikisema sikumaanisha, atajua nadanganya, kama alivyojua Ijumaa.

Maana siku ile, wakati wananipigia makofi, niliamini kila neno.