Nyekundu ya Canada

Edina, usifungue ile clip yangu ya TV ya mtandaoni. Nisikilize mimi kwanza.

Asubuhi wameniita nichambue uchaguzi wa Canada. Kwenye skrini, rangi nyekundu iko mbele. Unanijua, mimi ni mtu wa siasa za Marekani, na Marekani nyekundu ni wahafidhina. Basi nikawapa wahafidhina ushindi, tena kwa mbwembwe. Nikasema waandishi wa kule walikuwa wamelala, hawakuona wananchi walivyowachoka Liberal, chama tawala.

Hilda, yule mtangazaji, anaitikia kwa kichwa tu. "Endelea, mchambuzi." Nikaendelea.

"Kwa hiyo Liberal ndiyo kwisha habari yao?"

Nikasema waandike wosia. Wosia, Edina.

Ndipo akageukia kamera, sauti ya upole kama anasoma matangazo ya vifo: "Watazamaji, kule Canada nyekundu ni Liberal. Walioshinda ni Liberal. Mgeni wetu ana shahada ya pili."

Hiyo shahada nani alimuuliza?

Nimemfuata nje. Eti, "Nilijua tangu mwanzo. Ila watazamaji walikuwa wanaongezeka, ningekukatiza vipi?"

Sasa hivi mzee wangu kapiga kutoka Makutupora. Aliwakusanya wenzake wa shamba la zabibu waniangalie kwenye simu. Anasema nimeongea kisomi, wamenipigia makofi mpaka mwisho.

Hilda ananitaka kila Jumatatu, kwenye kipindi cha vichekesho. Nimekubali.

Mzee nimemwambia ni kipindi cha siasa.