Koti Alilolalia Mbwa Wetu

Ntobeye, Ngara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku tupo. Migomba inanyauka, na babu yako haongei sana tangu tumzike mama yako.

Unauliza kwa nini mbwa wako anajikuna mpaka anatoka damu, na wewe unamwogesha kila wiki. Wetu alikuwa hivyo baba yangu alipofariki. Tulimwogesha, tukamtoa viroboto mmoja mmoja, lakini kila jioni alirudi kulalia koti la marehemu pale mlangoni. Viroboto walijaa humo. Nikamwambia mama tulifue.

"Liache," alisema. "Bado lina harufu yake."

Mbwa alipobaki mifupa na vidonda, mama mwenyewe alibandika sufuria, akalichemsha koti. Mbwa akapona. Lakini koti lilipokauka alilinusa, akaliacha, akaenda kulala migombani kaburini kwa baba. Mama akaliokota, naye akalinusa.

Chemsha matandiko ya mbwa wako, mjukuu wangu. Ila kama umemtandikia kitenge cha mama yako, usikichemshe bado. Niletee kwanza, nikinuse.

Bibi yako