Mbwa Aliyesalimu Gunia

Jumapili, 6 Juni 1954

Baridi ya leo ni ya kung'oa masikio. Nimepika chapati kumi na mbili. Unga ni ule uliofagiwa stoo baada ya magunia kuondoka, nimeupepeta mara tatu na bado mchanga unalia menoni. Hakuna aliyelalamika. Jerop, mke wa mchungaji ng'ombe, kaleta kibuyu cha maziwa yao yaliyotiwa mkaa. Wangeci wa nyumba ya pili kaleta viazi vitamu kama kawaida, na binti yake Wangare, wa miaka minne, ambaye haji kutuona sisi. Anakuja kumwona paka.

Paka ni Krimu. Nilimwokota chumba cha maziwa pale ninapofanya kazi, amelowa mpaka masikioni. Mbwa ni Spana. Mume wangu Hiram alimpata kule Mai Mahiu, lori lake la maziwa lilipopata pancha. Aliingiza mkono chini ya gari kutafuta spana akashika mtoto wa mbwa. Miaka sita ya ndoa, na watu wa laini, hizi nyumba za vibarua wa shamba, husema Rahab kazaa mbwa na paka. Waseme. Watoto wangu hawanitukani.

Spana siku hizi anatoa mkono! Wangeci ndiye aliyemfundisha, hapa hapa jikoni kwangu. Mkono wa kulia kwanza, kiazi baadaye. Mimi ninayempikia ananirukia tu na kunichafua leso. Akishiba huenda kujilaza miguuni pa Hiram. Lakini mkono ni wa Wangeci peke yake. Nikamwambia, umeniibia mbwa. Akacheka, eti mbwa ni wa anayemlisha.

Naandika Kiswahili cha misheni. Kikuyu kila mtu humu anaweza kukisoma.

Jumanne, 8 Juni

Wangeci anaumwa jino. Shavu amelifunga kitambaa. Kesho anakwenda hospitali ya Nakuru na lori la Hiram, ataniachia mtoto. Pasi ya kutoka shambani ameipata siku hiyo hiyo aliyoomba. Mimi nilipotaka kwenda kumzika shangazi huko Kabazi nilingoja wiki tatu, shangazi akazikwa bila mimi. Labda meno yana heshima kuliko maiti.

Jumatano, 9 Juni

Hiram anasema Wangeci hakufika Nakuru. Alishuka Njoro mjini, eti kuna Mhindi pale anayeng'oa bila foleni. Sawa. Nimemwekea uji.

Hajarudi leo. Wangare ameuliza mama yake mara mbili, kisha akalala kamkumbatia Krimu.

Alhamisi, 10 Juni

Wamemchukua Ngigi.

Niandike kwa utaratibu, vinginevyo sitaweza. Alfajiri, wakati wa kumalizia kukamua, malori mawili ya askari. Wakikuyu wote wa shamba tutoke, wanaume na wanawake, mstari mmoja mbele ya ghala la mahindi. Kina Jerop si Wakikuyu, hawahusiki, wakaambiwa wakae ndani. Hiram alikuwa ameshaondoka na maziwa ya jana jioni saa kumi usiku, kama kila siku. Mzee mlinzi wa ghala alikuwa amelazwa, kifua. Waliobaki wote tulisimama. Mimi nilikuwa na mtoto wa Wangeci mgongoni. Kushoto kwangu kaka yangu Ngigi, na kalamu yake ya kuandikia lita za maziwa bado sikioni.

Wakamteremsha mtu aliyefunikwa gunia. Tulikuwa tunasikia habari hizi kutoka mashamba mengine. Gunia toka kichwani mpaka magotini, matundu mawili ya macho, chini yake mabuti ya askari yaliyomzidi. Huwezi kujua ni mwanamume au mwanamke. Anapita taratibu. Akitikisa kichwa, wewe unahesabiwa mtu wa msituni, umeshakwenda.

Alitikisa mara tatu. Akafika kwa Ngigi. Mara ya nne. Kisha akasimama mbele yangu, macho yakaniangalia, yakashuka chini, akapita.

Ngigi aliinua mkono sikioni. Alinipa kalamu.

Hapo ndipo Spana akaja mbio kutoka nyumbani. Nikajua atampasua yule mtu, maana hapendi wageni. Akamnusa. Akatikisa mkia. Akakaa chini mbele ya gunia na kutoa mkono. Wa kulia.

Laini nzima iliona. Askari mmoja alicheka. Ndani ya gunia, upande wa mkono, kitambaa kikasogea kidogo, kama mtu aliyeanza kutoa mkono akajikumbusha. Kisha buti likamsukuma mbwa pembeni.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 11 Juni

Amerudi asubuhi, kwa miguu, kitambaa bado shavuni. Amepita moja kwa moja kwangu. Alikuwa ameshasikia, anasema, njiani. Akanikumbatia akamlilia Ngigi. Alilia kunizidi mimi niliyezaliwa naye tumbo moja.

Nilimpa chai, nikampa na kipande cha chapati ya Jumapili, kigumu kama soli. Akakitafuna kwa upande ule ule wa jino.

Spana akaja, akakaa, akatoa mkono. Wangeci akamega kiazi kilichokuwa mezani akampa. Hakuniangalia.

Ni yeye. Nimeliandika sasa, sina pa kulificha. Miaka minne amekula jikoni kwangu. Mtoto wake nilikuwa nimembeba mgongoni wakati anamtikisia kichwa kaka yangu! Mimi nimembembeleza mwanawe usiku mzima ili mama mtu apate nafasi ya kwenda kuvaa gunia.

Jumamosi, 12 Juni

Bombani leo wanawake walinyamaza nilipofika. Ndoo zikaondolewa moja moja. Nikadhani ni huruma. Mjinga mimi.

Nilimpelekea mama uji wa wimbi, maana tangu Alhamisi hajala. Akausogeza kwa kidole. Akasema, Rahab, mbwa hasalimu gunia, husalimu aliye ndani. Nikamwambia najua, mama. Akasema na mimi najua. Mbwa ni wa nani? Nani hakuwapo kwenye mstari? Lori la maziwa siku ile lilirudi saa ngapi?

Lilirudi limechelewa, saa nane mchana. Lilizuiwa barabarani na askari hao hao.

Wanasema ni Hiram. Mama yangu mzazi anaamini mkwe wake amemuuza mwanawe. Nilirudi na uji wangu umeganda.

Wangeci hawamfikirii. Wangeci alikuwa hospitali, kila mtu alimwona amefungwa shavu. Na kwamba ule mkono ni wa Wangeci peke yake hakuna wa laini anayejua, ni mambo ya jikoni kwangu. Laini iliona mbwa akimpenda mtu, basi.

Jumatatu, 14 Juni

Jerop peke yake ndiye anayekuja sasa bila kuangalia nyuma. Na huyo mwingine, bila shaka. Huyo hakosi.

Wangeci alipokwenda kuteka maji, Jerop akaniuliza taratibu, huku anapangusa kibuyu.

"Rahab, hiyo mbwa yako. Ilifanya nini haswa kwa ile gunia? Ilipeana mkono?"

Nikasema sikuona vizuri. Akaacha kupangusa. "Wewe ulikuwa mbele," akasema. Kisha akaanza habari za ndama.

Anajua. Sijui kwa nini nilidanganya. Ulimi wangu ulikimbia wenyewe kwenda kumfunika Wangeci, kwa mazoea.

Jumanne, 15 Juni

Asubuhi tumekuta mlangoni kipande cha gunia kimepigiliwa msumari. Matundu mawili yamekatwa vizuri, kwa wembe. Hiram alikitoa akafutia kioo cha lori. Anajifanya shujaa. Mtu anayeendesha peke yake kila saa kumi, ukingoni mwa msitu, hana haja ya ushujaa, ana haja ya kusema mimi siye na kuaminika.

Anasema, mimi sikumtenda Ngigi kitu, Mungu anajua. Nikamwambia Mungu hakai laini.

Sikumwambia la Wangeci, wala la mkono; yeye amesikia tu kwamba mbwa alitikisa mkia. Hiram hana siri, jambo likimwingia sikioni linatokea mdomoni kabla ya chakula cha jioni. Na nikishatamka jina hilo nje ya daftari hili, najua kitakachofuata. Hapa msaliti hafukuzwi tu, huzikwa. Halafu Wangare atalala na nani?

Jumatano, 16 Juni

Nimempiga Spana. Wangeci aliingia tu, mbwa akakaa akatoa mkono, na mimi nikachukua mwiko wa ugali nikampiga mgongoni. Akajificha chini ya kitanda. Wangeci akasema, mbona unamuonea, hana kosa.

Kweli hana. Anafanya alivyofundishwa. Baadaye nilimwita kwa mfupa, hakuja. Akaja Krimu akauchukua.

Kinachonila ni hiki. Alisimama mbele yangu akapita. Aliniacha. Kwa nini? Alinihurumia? Au alihitaji mtu wa kumlelea mtoto na kumpikia chapati? Nilitamani kumuuliza leo, na badala yake nikamuuliza kama jino limepoa. Akasema limepoa, asante Mungu. Akaomba chumvi nikampa.

Na viazi vyake ni vitamu vile vile. Hilo nalo linaniudhi.

Ijumaa, 18 Juni

Wazee watatu walikuja kwa Hiram, kabla ya saa ya kufungiwa ndani. Mama alikuwa nao. Mikutano imekatazwa, lakini Jumapili watu hukusanyika kwa ibada penye karakana ya kukaushia maua ya pareto, na nyapara Kemboi hafuatilii maombi yetu. Wamekata shauri hivi: siku ile Wakikuyu watatu tu wa laini hawakusimama. Hiram, Wangeci, na mzee wa ghala, ambaye sasa amepona kifua. Wote watatu watavaa magunia, watasimama mbali mbali, na Spana atafunguliwa. Atakayemsalimu ndiye.

Ni mama aliyelifikiria. Tulipimwa na gunia, akasema, na sisi tutapima kwa gunia.

Nikamwambia mama, mbwa atakwenda kwa mwenye mbwa! Huo ni upimaji gani? Akajibu kwamba siku ile pia alikwenda kwa mwenyewe.

Hiram amekubali, mpumbavu wangu. Eti asiyekuwa na hatia haogopi mbwa wake. Hajawahi kufikiri kwamba huyu mbwa anampenda.

Jumamosi, 19 Juni

Nimefikiri siku nzima kama mtu anayesuka kikapu na kukifumua. Spana akishiba anamtafuta Hiram, ajilaze miguuni. Hata angevaa magunia kumi angemnusa. Spana akiwa na njaa hana mume wala mke, anakwenda kwa kiazi, yaani kwa Wangeci.

Kwa hiyo wazee wamekosea. Hawatampima mtu. Watapima nilichompikia mbwa asubuhi.

Leo asubuhi alikula mabaki ya ugali. Jioni sijampa kitu. Si kwamba nimeamua. Nimechelewa tu.

Jumapili, 20 Juni

Naandika jikoni, watu wanaimba kule karakana. Wimbo wa pili. Baada ya wa tatu tunaanza. Hiram ameshatangulia, kavaa shati la harusi, na hakunywa chai. Nimemfunga Spana kwenye mguu wa meza. Analia.

Kulipopambazuka Wangeci alikuja peke yake, mtoto amemwacha kwa Jerop. Hakuleta viazi. Siku ya kwanza katika miaka minne. Alikaa kwenye kigoda chake. Spana akamtolea mkono, naye mikono yake akaifunika chini ya shuka akaikalia. Mbwa akakaa hivyo, mkono juu, kwa muda mrefu. Sikuweza kuangalia.

Nikamwaga chai vikombe viwili. Tulikunywa kama watu wanaongoja gari.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Rahab, mlishe huyu mbwa. Mlishe sana. Akishiba atalala tu, hatakwenda kwa mtu, na maneno yote yataisha."

Nilimngoja aendelee. Nilidhani sasa atasema. Hata jina la Ngigi tu, alitaje, nami ningejua la kufanya. Nadhani ningemsamehe. Nadhani.

Akasema, "Sote tutapona."

Nikamwambia, "Akishiba humtafuta Hiram. Umemwona mara ngapi?"

Akazungusha kikombe. "Sijawahi kuangalia," akasema.

Miaka minne kwenye kigoda kile. Mbwa anajilaza miguuni pa mume wangu kila Jumapili, mita moja kutoka kwake, naye hajawahi kuangalia. Hapo ndipo kitu fulani ndani yangu kilipoa kabisa, kama jiko lililomwagiwa maji.

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Ameshakula. Nimempa ugali na mchuzi wote wa jana, tumbo limemvimba. Analilia kutoka nje tu."

Aliniangalia mara ya kwanza tangu arudi. Akaniamini! Machozi yakamtoka, akanishika mikono yote miwili, akasema hana dada mwingine duniani. Akaniuliza kama leso yake imekaa vizuri kichwani. Nikamtengenezea. Akaenda kusimama.

Wimbo wa tatu umeanza. Spana hajaonja kitu tangu jana asubuhi. Sufuria ya viazi vyangu imechemka jikoni tangu Wangeci alipoondoka na nyumba yote inanukia, nimefanya hivyo makusudi, njaa ya mbwa imkumbuke wa viazi, sijui lini niliamua. Jerop yupo mlangoni na Wangare mkononi. Mtoto anataka paka. Nimempa.

Mama anaita kutoka nje, nilete mbwa. Nafungua kamba —