Mwaliko Niliomtumia Daktari Athmani

Kismayo, Jumatano

Nataka madaktari na wauguzi Wabajuni, popote walipo, wawe na kundi moja mtandaoni watushauri sisi wa zahanati. Asubuhi nikawatumia wote mwaliko uleule, bila hata salamu, kama muuza sabuni.

Daktari Athmani, mzaliwa wa kisiwa cha Chula aliyeko Ulaya, akajibu: "Dada, mama kazikwa juzi. Nilipoona jina lako nilidhani wanipa mkono wa pole."

Nilijua! Mimi ndiye niliyemwosha mamake. Jina la Athmani nililipita tu kwenye orodha.

Nikamwandikia upya, yeye peke yake: uso ulikuwa umetulia, nywele tulimsuka mikia mitatu.

Kundi hakulitaja. Ameuliza ni nani aliyeshuka kaburini kumpokea mamake badala yake.