Maji Ndani ya Jiwe

Mama yangu wa mbali,

Sisi wazima, ila mlango wa jikoni bado haufungiki. Juzi darasa letu lilipelekwa maabara ya madini, nami nikabeba lile jiwe jeupe uliloniachia. Fundi wa mashine alisaga kipande chake, akakimulika kwa mwanga usioonekana. Alisema chembe za ndani hutetemeka, kila aina ya madini kwa namna yake, na mashine huchora mtetemo huo.

"Jiwe lako lina maji, bwana mdogo."

"Mbona kavu?"

"Yamefungwa humo humo kwenye umbo lake. Utalishika mpaka uchoke, hutalowa."

Wenzangu wakaangua kicheko: "Kumbe jiwe linakojoa!"

Shangazi huwaambia wageni nimeshazoea, sina chozi, moyo wangu jiwe. Nawe uliponiuliza kwenye simu kama uongeze mkataba wa kazi huko, nilijibu "sawa" bila hata kumeza mate. Mama, ile sawa ilikuwa kavu kwa nje tu. Kama hujatia saini, usitie.

Mwanao,
jiwe la Shangazi