Majani ya Bwawa la Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Meneja kasema wakaguzi wanakuja Ijumaa na bwawa la tatu linatia aibu. Kisa? Majani yanayoelea, madogo kama punje za dengu, yamefunika maji yote. Nikamweleza kwa adabu kwamba hayo ndiyo yanayokula amonia ya majitaka. Basi tuyapunguze nusu, akasema. Sawa. Kuyavuna si vibaya, ilimradi yapelekwe mbali.

Jumatano, 6 Machi

Mgongo unaniuma, sina hamu! Tumevuna kutwa, mimi na vibarua wawili. Lori halikuja. Nikawaambia wayarundike palepale ukingoni. Kesho si mbali.

Jumamosi, 9 Machi

Lori – ng'o! Mvua siku mbili mfululizo. Wakaguzi walipita jana, wakasifu maji, nami nikatabasamu. Leo rundo limeoza, linavuja maji meusi, yote yanarudi bwawani.

Miaka kumi na moja nawaambia wageni: choo cha mji hakipotei humu, kinabadili nguo tu. Vijidudu vinakila, vinaacha amonia. Majani yanakula amonia, yananawiri. Ukiyatoa, umeutoa uchafu wenyewe. Ukiyaacha yaoze, umeurudisha. Nayajua haya hata usingizini! Na bado nikayarundika ukingoni.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya mapumziko, nikaenda kupima. Amonia mara tano ya kawaida. Nikapima tena kwa chupa mpya. Ileile.

Amonia ikizidi, samaki wanakosa pumzi. Na kaka yangu anafuga samaki hapo chini, kwa maji yetu hayahaya. Kila Jumatatu hunipigia: “Mdogo wangu, nifungue maji?” Nikisema fungua, anafungua. Vipimo vya karatasi hana habari navyo, anayemwamini ni mimi.

Nimeshika simu mara mbili, nimeiweka. Nianzie wapi? Kwamba mtaalamu wa familia, aliyesomeshwa kwa jasho la kaka huyohuyo, kashindwa na rundo la majani? Naona aibu, basi. Mficha maradhi – naujua mwisho wake, sihitaji kukumbushwa. Kesho nitampigia kabla hajanipigia.

Jumatatu, 11 Machi

Saa moja asubuhi. Nimefika kazini mbio, nimefunga valvu ya kutokea maji. Nimempigia kaka mara tatu, hapokei.

Kapiga sasa hivi. Hakuuliza kitu! Kafungua tangu alfajiri – shemeji, mkewe, alimwambia kaniona kazini hata Jumapili, akaona asinisumbue, maji yamo katika mikono salama. Anacheka. Eti nije nione, samaki wote wamepanda juu, midomo wazi, wamefurahia maji mapya. Watoto wanawarushia chakula.

Nimemwambia, “Kaka, subiri kidogo.” Simu nimeilaza hapa mezani, kando ya daftari. Namsikia.

“Mdogo wangu? Upo?”